Supu Nzito ya Mboga za Bustani na Viporo vya Friza

Kila mwaka, kuanzia mwishoni mwa Agosti hadi baridi kali ya kwanza inapoingia, bustani za Uingereza hutoa mboga nyingi kuliko uwezo wa familia kuzila, na kwa sisi tuliotoka Afrika Mashariki, ambao tumelelewa tukijua kwamba chakula hakitupwi, wingi huo huleta furaha na wasiwasi kwa pamoja. Ninaishi Reading, mji ulio magharibi mwa London, mahali ambapo Mto Kennet unaingia Mto Thames, na ninalima kipande cha ardhi nilichokikodi kutoka halmashauri ya mji. Katika miezi hiyo mamumunye machanga hukua kwa kasi ya kushangaza, nyanya huiva kwa mkupuo, maharage ya kutambaa huzaa hata yasipoombwa, na wakulima wenzangu huweka meza langoni, imejaa mboga ambazo mpita njia yeyote anaruhusiwa kuzichukua bure. Supu nzito ndiyo njia ninayoipenda zaidi ya kuuheshimu wingi huo. Ningependa kusema mapema, hata hivyo, kwamba supu ya namna hii haitokani na kumwaga kila kilichobaki ndani ya sufuria moja. Hutokana na kujua kila kitu kilichobaki kinafaa kwa kazi gani, na kinapaswa kuingia wakati gani.

Bustani hizi za kukodi zina historia yake. Sheria ya mwaka 1908 ndiyo iliyozitwika halmashauri wajibu wa kuwatafutia ardhi ya kulima wakazi wanaoihitaji, na kipande kamili kwa desturi ni takriban mita za mraba 250, ingawa siku hizi waombaji wengi hupewa nusu yake. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia serikali iliwahimiza wananchi walime kila mahali palipofaa, na mgawo wa chakula ulioanza Januari 1940 haukuondolewa kabisa hadi Julai 1954. Baadhi ya wazee ninaopakana nao bustanini walikuwa watoto katika miaka hiyo ya mgawo, na bado unaiona katika mikono yao: hawatupi jani la nje la liki, mboga ya jamii ya vitunguu, na hawamwagi maji yaliyochemshiwa karoti. Mmoja wao ndiye aliyenifundisha kutia shayiri katika supu ya mboga, jambo ambalo nyumbani sikuwahi kuliona, na ambalo sasa siwezi kuliacha.

Nyumbani kwetu Machame, Kilimanjaro, kihamba, yaani shamba linaloizunguka nyumba, hakina mlango wa kufungwa. Migomba, kahawa, magimbi, maharage na mboga za majani huishi pamoja mwaka mzima, na mama huingia kuchuma kinachotosha mlo wa siku hiyo. Kwa sababu hiyo sisi hatukukuzwa na elimu kubwa ya kuhifadhi mboga. Wagogo wa Dodoma, ambao kiangazi chao ni kirefu na kikavu, wanajua zaidi. Wao hukausha majani ya mlenda ili wale wakati ambapo porini hakuna kitu kibichi. Nilipoanza kulima huku niligundua kwamba hali yangu mpya inafanana zaidi na ya Dodoma kuliko ya Machame, isipokuwa kwamba hapa kinachokata mavuno ni jalidi, ile barafu ya usiku, na si ukame.

Jambo la kwanza la kujifunza, basi, ni kutenganisha mboga zinazokufa kwa jalidi na zile zinazoistahimili. Mamumunye, nyanya na maharage mabichi huangamia katika usiku mmoja wa barafu, kwa hiyo hizo ndizo zinazostahili nafasi ya friza. Liki na sukuma wiki ya huku, ile yenye majani yaliyojikunja, huvumilia baridi zikiwa ardhini, na majani ya sukuma huwa matamu zaidi baada ya jalidi kwa sababu mmea huongeza sukari katika majani ili kujikinga na kuganda. Kuzijaza friza sukuma wiki mwezi wa Septemba ni kupoteza nafasi, maana bustani yenyewe inazihifadhi vizuri kuliko friza yoyote, na mtu anaweza kwenda kuzichuma Januari akiwa amevaa koti.

Nyanya ndizo rahisi kuliko zote. Huoshwa, hukaushwa, hutiwa katika mfuko zikiwa nzima na kugandishwa mbichi; siku ya kupika hupitishwa katika maji ya uvuguvugu na ganda lote huvuka lenyewe. Zile zilizokataa kuiva hukatwa vipande na kuingia katika supu zikiwa za kijani, kwa kuwa uchachu wake unafanya kazi ambayo kwetu ingefanywa na ndimu. Maharage mabichi hukatwakatwa, huchovywa katika maji yanayochemka kwa dakika mbili hivi, halafu hutumbukizwa mara moja katika maji ya baridi sana, kwani bila hivyo vimeng'enya vilivyomo huendelea kuiharibu rangi na ladha hata ndani ya friza. Mamumunye yana maji mengi mno, takriban asilimia 95 ya uzito wake, na ukiyagandisha yakiwa vipande utayakuta yamelegea vibaya. Mimi huyakwaruza kwa kikwaruzio, huyachemsha kidogo, huyakamua kwa kitambaa safi, kisha huyagawa katika mifuko ya gramu 500. Mumunye lililo chungu halifai kabisa, liwe bichi au lililopikwa, kwa sababu uchungu huo ni wa sumu ambayo moto hauiondoi. Ninaonja kipande kidogo cha kila tunda kabla ya kulikata, na ninawasihi wenzangu wafanye hivyo, hasa kama mmea umejiotea wenyewe kutoka katika mbegu za mwaka uliopita.

Baada ya bustani huja viporo, na hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu supu yote inasimama juu yake. Mifupa ya kuku wa kuoka wa Jumapili haiendi pipani. Huwekwa katika mfuko pamoja na ncha za karoti na sehemu za kijani za liki, na mfuko ukijaa ndipo siku ya supu inapofika. Maharage makavu huwa ninayapika mengi kwa wakati mmoja na kuyagandisha pamoja na maji yake mazito. Maharage mekundu yana sumu ya asili inayohitaji kuondolewa kwa kuyaloweka usiku kucha, kumwaga maji, na kuyachemsha kwa nguvu kwa angalau dakika 10, hivyo yale masufuria ya umeme yanayopika polepole, ambayo wengi wetu tunaofanya kazi za zamu tunayategemea, hayafai kwa maharage ambayo hayajachemshwa hivyo kwanza. Friza huwa pia na kikombe cha mchuzi wa nyama uliobaki, punje za mahindi machanga, pengine kipande cha nyama ya ng'ombe kilichokwisha kupikwa. Kila mfuko huandikwa jina na tarehe. Katika nyuzi 18 chini ya sifuri chakula hukaa salama kwa muda mrefu, lakini ladha yake hupungua, na mfuko usio na jina huishia kukaa hadi hakuna anayeutaka.

Siku ya kupika ninaanza na mifupa. Mifupa ya kuku wawili hutiwa katika sufuria kubwa pamoja na lita 3 za maji ya baridi, kitunguu kilichokatwa katikati, kipande cha tangawizi kilichopondwa na punje chache za pilipili manga, halafu huachwa ichemke taratibu kwa saa 2. Kwetu, mtu akisema supu anamaanisha maji haya: supu ya kuku au ya mbuzi asubuhi, pamoja na chapati na ndimu, nyepesi na yenye moto. Ninaamini kwamba uzoefu huo unatusaidia, kwa sababu mpishi aliyelelewa na supu ya nyama anajua kwamba mboga haziwezi kuokoa maji yasiyo na ladha. Yakishachujwa, maji hayo huachwa kando, na hapo hapo katika sufuria tupu ninakaanga vitunguu viwili na liki mbili kwa mafuta kidogo, polepole, hadi vilainike kabisa bila kuungua. Huingia kitunguu saumu, kijiko cha bizari nyembamba iliyosagwa na nusu kijiko cha manjano, na harufu inapopanda ndipo nyanya zinapofuata na kupikwa mpaka mafuta yanaanza kujitenga.

Kuanzia hapo ni suala la mpangilio. Ninarudisha supu ya mifupa, natia gramu 100 za shayiri na karoti nne, kwa kuwa shayiri inahitaji karibu saa nzima. Baada ya nusu saa huingia maharage yaliyokwisha kupikwa, vikombe viwili, pamoja na maji yake. Mamumunye yaliyokwaruzwa hutiwa zikiwa zimebaki dakika 15. Huyeyuka karibu yote na kuacha uzito wa ulaini ambao mtu hawezi kuutambua kwa macho. Maharage mabichi na mahindi huhitaji dakika 10, sukuma wiki iliyokatwa nyembamba huhitaji tano, nayo nyama iliyopikwa tayari huingia mwishoni kabisa, ichemke vizuri bila kuwa ngumu. Mtu akiweka vyote kwa pamoja atapata karoti mbichi katika uji wa majani.

Uzito wa supu hii ninautafuta kwa njia niliyoirithi kutoka kwenye mtori. Wanaoujua mtori wanakumbuka jinsi ndizi mbichi na nyama zinavyochemshwa hadi ndizi ziive, kisha zikapondwa na kurudishwa katika supu ya nyama mpaka chakula kiwe laini na cha kushibisha, hata kikawa chakula cha heshima cha mama aliyejifungua. Ndizi mbichi zinapatikana katika maduka ya Waafrika na Wahindi hapa Reading, lakini kwa supu ya bustani natumia kilichopo: ninateka maharage yaliyoiva na karoti kiasi cha theluthi, nayaponda kwa mwiko katika bakuli, nayarudisha. Sipendi kuisaga supu yote kwa mashine, kama wapishi wengi wa huku wanavyofanya, kwa maana mtu aliyefanya kazi siku nzima anastahili kukiona na kukitafuna kile anachokula.

Kuna vitu ambavyo sivitii, hata kama vimebaki. Kabichi na jamaa zake haziingii wakati mifupa inachemka, kwa sababu zikichemka muda mrefu hutoa harufu nzito inayofunika kila kitu. Bitiruti hutia rangi chakula chote, nami ninaipikia sufuria yake. Wali uliobaki unahitaji uangalifu kuliko vyote: kuna bakteria ambao mbegu zao hustahimili kupikwa, na wali ukiachwa jikoni kwenye joto la kawaida huzalisha sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Kama wali wa jana haukupozwa ndani ya saa moja na kuwekwa katika friji, hauna nafasi katika sufuria yangu. Chumvi huja mwishoni, baada ya kuonja, kwa kuwa viporo vingi vina chumvi yake tayari, na hatimaye maji ya limau na giligilani nyingi iliyokatwakatwa.

Sufuria kama hii hulisha watu wanane hadi kumi, na sisi nyumbani hatufiki idadi hiyo, kwa hiyo nusu yake hupikwa kwa ajili ya miezi ya mbele. Mwezi wa Desemba jua la Reading huzama karibu saa kumi jioni, na anayerudi kutoka zamu ya nyumba ya kulelea wazee, kama ninavyorudi mimi, hana nguvu ya kumenya karoti. Siimalizi supu yote wakati huo, lakini. Waingereza wenye bustani wanaufahamu vizuri uhaba wa Aprili na Mei, wakati mboga za baridi zimekwisha na za masika bado ni miche, na baadhi ya vibakuli ninavitunza mahususi kwa majuma hayo.

Sufuria kubwa ya moto haiwekwi katika friza moja kwa moja. Supu hugawanywa katika vyombo vipana visivyo na kina, ambavyo huwekwa ndani ya sinki lenye maji ya baridi ili vipoe ndani ya saa moja au mbili, na kila chombo huachiwa nafasi ya sentimita 2 juu kwa sababu maji yakiganda huongezeka. Ikishayeyushwa, supu hupashwa moto mara moja tu, mpaka itoe mvuke yote hadi katikati. Viazi mviringo siviweki kabla ya kugandisha, kwa maana hutoka vikiwa vya chengachenga na vyenye maji. Huvikata vidogo na kuvichemsha katika supu siku ile ile ya kuliwa. Tui la nazi nalo huongezwa siku hiyo, moto ukiwa mdogo, kwani likigandishwa pamoja na supu hukatika. Watoto wangu wanaipenda zaidi ikiwa na tui, pamoja na chapati, na wageni wetu wa Kongo huiomba ije na pilipili kali pembeni.