Ukungu Ulioishia Njiani

Vioo ishirini na sita vilikuwa vimeshaharibika. Nilivipanga kwenye dirisha la maabara, kila kimoja na namba yake niliyoichora nyuma kwa kalamu ya almasi, na vyote vilikuwa na ugonjwa mmoja: unga mweupe juu. Ukipitisha kidole unatoka wote, kioo kinabaki kitupu kama siku kilipotoka kwa fundi vioo kule Manzese. Ilikuwa masika ya mwaka 2012, nasoma uzamili, na nilichokuwa nakitafuta ni utando mwembamba wa oksidi ya zinki, unaong'aa na ulioshika kioo kisawasawa.

Kifaa tulikiunda wenyewe. Tulinunua Kariakoo mashine ya mtumba ya kutoa mvuke chumbani, tukaitoa moyo wake: kidonge cha kauri, upana kama sarafu ya shilingi mia, kinachotetemeka mara milioni 1.7 kwa sekunde. Sikio halisikii kitu. Maji yaliyo juu yake ndiyo yanayosikia. Yanavimba katikati, yanainuka kama kichuguu kinachorukaruka, na kutoka kwenye ncha yake ukungu unamwagika kama moshi wa udi chetezoni. Kila tone lina upana wa mikromita 3 hivi, yaani sehemu tatu kati ya elfu za milimita. Unywele wa kichwani ni mnene zaidi ya mara ishirini. Ningeweza kukaa nautazama ule ukungu hadi jioni.

Ndani ya kila tone mna chumvi ya zinki iliyoyeyuka, asetati ya zinki. Tone likipita kwenye joto, maji yanakauka, chumvi inavunjika, inabaki chembe moja ya oksidi. Kwa mchanganyiko niliotumia, wa chumvi kidogo tu, moli 0.1 kwa lita, chembe hiyo inafika kama mikromita 0.3. Wanaotengeneza unga laini wa kauri hufurahia jambo hilo: wanaupitisha ukungu kwenye bomba la tanuri na kukusanya chembe upande wa pili. Mimi shida yangu ilikuwa kioo, kilicholala juu ya bamba la moto huku ukungu unakishukia kutoka kwenye bomba.

Nilidhani kosa liko kwenye dawa. Nikabadilisha maji. Nikaongeza matone ya asidi asetiki ili mchanganyiko ubaki angavu. Nikapima upya kila kitu, jasho linanichuruzika kwa sababu panga boi hatukuliwasha kamwe. Upepo wake ungeupeperusha ukungu wote.

Fundi sanifu wetu wa maabara alikuwa amebakiza miezi michache astaafu. Alasiri moja alisimama mlangoni.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba, binti yangu. Leo cha ngapi?"

"Cha ishirini na saba."

Hakusema kitu. Alifunga mapazia, akazima taa, akatoa tochi mfukoni na kuimulika kwa ubavuni, usawa wa kioo. "Usitazame kioo," akasema. "Tazama juu yake."

Ukungu ulikuwa unashuka kutoka kwenye bomba, mweupe, mzito. Vidole viwili kabla ya kufika kwenye kioo, ukaishia hapo. Kama umekatwa kwa kisu. Chini yake palikuwa patupu, na nilipozidi kukaza macho nikaona vumbi hafifu linazunguka, jingine linapanda na hewa ya moto, jingine linatua.

"Unafia njiani," Mzee akasema.

Nilikuwa nimeshasoma habari hiyo. Mwaka 1975 watafiti Viguié na Spitz walieleza yanayolipata tone kadiri joto linavyopanda: joto likiwa dogo, tone linatua bichi na kuacha doa la mviringo, likizidi kidogo, chumvi inatua kavu, likizidi tena, chumvi inageuka mvuke karibu kabisa na kioo na kugeuka oksidi palepale inaposhika, likipita kiasi, kila kitu kinamalizika hewani na kinachoanguka ni unga. Niliyajua kwa moyo, hata mchoro wake. Kuyaona kwa macho, kwenye meza yangu, sikuwahi.

Bamba nilikuwa nimeliweka nyuzi 500. Tukalishusha hadi 420, na mdomo wa bomba tukausogeza kutoka sentimita 10 hadi 4. Tulisubiri joto litulie, mvua inapiga mabati ya banda la jirani hata hatukuweza kuongea. Kisha tochi tena. Safari hii ukungu ulishuka hadi ukabakiza nafasi kama unene wa ukucha.

Baada ya dakika chache kioo kikaanza kubadilika: manjano, halafu zambarau, halafu buluu iliyokuwa ikitambaa kutoka katikati kwenda pembeni. Nilikuwa nimemshika Mzee mkono bila kujua.

Tulikiacha kipoe taratibu. Viwili vya nyuma vilipasuka kwa pupa yangu. Kilipopoa Mzee alitoa leso yake, akasugua kwa nguvu, akaigeuza kwenye mwanga wa tochi. Safi. Akakisugua tena.

"Washa taa," akasema. "Tufanye cha pili kabla umeme haujakatika."