Tochi ya kichwani iliyonizimikia Meru

Mimi ni fundi cherehani Arusha, nashona sare za shule, na Mlima Meru nauona kila nikifungua duka. Mwaka niliopanda nilibana matumizi kila mahali: koti la kuazima, viatu vya mtumba, na tochi ya kichwani ya shilingi 12,000 niliyoichukua kwa machinga karibu na stendi. Boksi lake liliandikwa lumeni 10,000, yaani kipimo cha wingi wa mwanga. Taa ya mbele ya gari haifiki huko, sasa kidude cha ukubwa wa kiberiti kingefikaje? Sikujiuliza. Nililipa nikaondoka nikichekelea.

Waliopanda Meru wanaijua ratiba. Siku ya kwanza unatoka geti la Momella hadi kambi ya Miriakamba, mita 2,514 juu ya usawa wa bahari. Ya pili mnafika Saddle Hut, mita 3,570, mnalala kidogo, mnaamshwa usiku wa manane, chai na biskuti, na kwenye saa nane mnaanza kupanda kileleni. Tulikuwa wanne na askari wa hifadhi na bunduki yake. Tochi yangu iliwaka vizuri kwa muda wa kama saa moja. Tulipoipita Rhino Point, pale njia inapogeuka jiwe tupu na mikono nayo inabidi ifanye kazi, ikaanza kunikonyeza. Nikaipiga kofi. Ikawaka, ikafifia mpaka rangi ya chai ya mkandaa, ikazimika.

Betri yake ilikuwa ya kuchaji, imefungiwa ndani kabisa, kwa hiyo hata ningekuwa na mfuko mzima wa betri zisingenifaa. Askari akaniambia, "Dada, kaa nyuma yangu, kanyaga ninapokanyaga." Nimefika kileleni, zaidi ya mita 4,560, nikitazama visigino vya mtu. Jua lilipochomoza upande wa Kilimanjaro wenzangu wakapiga picha. Mimi nilikuwa nimekaa chini, magoti yananitetemeka.

Tochi ya pili niliitafuta kwa utulivu. Niliipata Moshi, soko la Memorial, mtumba, 45,000 baada ya kuvutana sana. Inatumia betri tatu nyembamba, zile AAA za rimoti, na hicho ndicho kilichonishawishi. Betri hizo duka lolote la mtaani linazo. Ila baridi inazimaliza nguvu betri za kawaida kuliko unavyodhani, kwa hiyo za akiba nalala nazo ndani ya begi la kulalia, na kupanda nazo kwenye mfuko wa shati, karibu na ngozi. Ukiweza kumudu za lithiamu, hizo zinaihimili baridi vizuri zaidi. Na usichanganye nzee na mpya.

Kuhusu lumeni, mimi sihitaji nyingi. Kambini 30 zinatosha kupika na kutafuta soksi, na njiani usiku 150 hadi 200 zinanitosha. Ukiona boksi limeandikwa saa 100, jua ni kwa mwanga mdogo kabisa. Tena hata watengenezaji wanaofuata kipimo rasmi huhesabu saa hadi mwanga ushuke kufikia asilimia 10 ya ulivyoanza, yaani "inawaka" kwao na "naona njia" kwangu ni vitu viwili. Maji: tochi yenye alama ya IPX4 inahimili kurushiwa maji kutoka kila upande, kwa mvua inatosha. Sina mpango wa kuogelea nayo.

Swichi niliijaribu nikiwa nimevaa glavu pale pale sokoni, muuzaji ananicheka. Ikiwa laini mno itajiwasha ndani ya begi, utafika kambini na betri zimekwisha. Yangu haina kufuli, basi nachomoa betri moja kabla ya kufunga begi. Mwanga mwekundu inao, na ukilala chumba kimoja na watu utashukuru: hauwamwagii wenzako mwanga usoni, na macho yako hayasahau giza.

Sasa lastiki, hapo niacheni niringe. Ya mtumba ilikuwa imelegea, ukiivuta hairudi. Wengi wangeiacha sokoni kwa hilo tu. Mimi niliifumua, nikaweka lastiki ya sentimita 2.5, ile ile ninayoweka kiunoni kwenye sketi za wanafunzi, nikashona zigizagi mara mbili. Kazi ya dakika kumi. Kwa hiyo ukiangalia ya mtumba, kagua kifuniko cha betri na vyuma vya ndani kama vina kutu ya kijani. Mkanda ni tatizo la fundi yeyote wa mtaani kwako.

Kabla ya kuiamini niliilaza usiku mzima kwenye friza ya jirani anayeuza barafu za ubuyu. Asubuhi nikaitoa, nikaiwasha, nikaitundika msumarini dukani. Jioni nilifunga milango na madirisha, nikaivaa, nikachukua uzi mweusi na sindano namba 14. Uzi uliingia mara ya pili.

Ile ya 12,000 ninayo bado. Naichaji, naitumia jikoni umeme ukikatika, na wali usipoiva upesi inaniachia gizani.