Nilivyomlisha mdogo wangu kwa mpira wa pua alipoungua mafuta

Mdogo wangu hukaanga chipsi kibandani Kayole. Jioni moja karai lilipinduka, mafuta yakamuunguza kifua, mikono yote miwili na paja. Hospitalini daktari alipima kwa kiganja cha mgonjwa mwenyewe: kiganja pamoja na vidole ni kama asilimia 1 ya ngozi. Alihesabu viganja karibu 30. Kabla hakujakucha walikuwa wamempitishia mpira puani hadi tumboni, wakaanza kumpa maziwa maalum kidogo kidogo.

Hapo ushauri ukaanza kumiminika. Shangazi alipiga simu mara tatu usiku huo. "Mwanangu, waambie watoe huo mpira. Mtu ameungua vile mnamlisha ya nini? Tumbo lipumzike, dripu inamtosha." Jirani naye akasema hivyo hivyo. Nilikaribia kukubali, kwa sababu nami nilikuwa naona ngozi tu. Sikujua kwamba utumbo nao umeumia, ingawa hakuna tone la mafuta lililoufikia.

Daktari wa zamu ya usiku alinikalisha akanieleza, na sitamsahau. Mwili ukipata jeraha kubwa hubana mishipa ya damu ya utumbo ili moyo na ubongo visikose. Sasa, ukuta wa ndani wa utumbo ni safu moja tu ya seli. Juu yake kuna ute, na zenyewe zimeshikana ubavu kwa ubavu kama vigae vya bafu vilivyotiwa simiti. Zikikosa damu zinakufa, na damu inaporudi kwa kishindo inaweza kuziumiza tena. Kisha unakuja mchochota, ule moto wa kinga unaosambaa mwili mzima mtu akiungua, nao hulegeza hiyo simiti. Bakteria na sumu zao, waliokuwa wametulia ndani bila kumdhuru mtu, wanapata upenyo, na mwili unazidi kuwaka. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kuwa na vidonda vilivyosafishwa vizuri na bado akashikwa na sepsisi, yaani mwili kuzidiwa na maambukizi hadi viungo vyake vyenyewe vikaanza kuumia. Alinitajia hata Curling, daktari wa London aliyeandika mwaka 1842 juu ya vidonda vya mwanzo wa utumbo mdogo kwa watu walioungua. Tangu 1842! Na sisi bado tunaambiana tumbo lipumzike.

Seli hizo za ukuta wa utumbo hubadilishwa kila baada ya siku chache, na sehemu ya riziki yao huipata kwenye chakula kinachopita mbele yao. Utumbo mtupu hunyauka. Yale maziwa yalikuwa ya kuushikilia ukuta usibomoke.

Shangazi alipofika nyumbani sikubishana naye. Nilichukua sahani na kopo la sukari. Lita moja ya dripu ya sukari ya asilimia 5 ina gramu 50 za sukari, kwa hiyo nikampimia vijiko 12 vya chai, vya kusawazisha, kimoja kimoja, mbele yake. "Shangazi, chakula chote kilichomo kwenye chupa nzima ndicho hiki." Aliitazama ile sahani. "Na ngozi yote ile iote kwa hiki?" Tangu siku hiyo, akipiga simu swali la kwanza ni: amelishwa saa ngapi?

Wiki ya pili sista alinifundisha kulisha kwa sirinji kubwa, niliyoinunua duka la dawa kwa shilingi mia na kitu. Binamu yangu akaleta uji wa wimbi kutoka nyumbani, mzito, kwa mapenzi tu, nami nikausukuma bila kuuliza. Ulikwama. Nilibonyeza mpaka kidole gumba kikauma. Sista hakunigombeza. Alivuta maji ya uvuguvugu, akasukuma kidogo, akarudisha kidogo, akangoja, akarudia tena na tena kwa karibu nusu saa, hadi ukaachia. Baadaye sikuruka hata mara moja: maji kabla ya kulisha, maji baada ya kulisha, dawa zilizosagwa kila moja peke yake na maji katikati. Kitanda kiinuliwe upande wa kichwa. Na kamwe usichokoe mpira kwa waya, hata mtu akikuapia kwamba kwake ulifunguka.

Kuna rafiki yake aliyeleta vidonge vya diklofenaki apunguze maumivu. Nilimrudishia palepale. Dawa za jamii hiyo hukwaruza utando wa tumbo, na wake ulikuwa umeteseka vya kutosha. Maumivu tuliwaachia madaktari.

Alipoharisha watu walisema maziwa ndiyo yamemkataa. Daktari alitazama kwanza antibiotiki alizokuwa akipewa, akapunguza kasi ya kulisha, wala hakusimamisha.

Mpira ulitolewa baada ya wiki tano hivi. Aliomba mala, maziwa ya mgando. Nilimshikia kikombe, mikono yake ikiwa bado kwenye bandeji, akanywa polepole hadi mwisho, akasema, "Dada, ongeza."