STALE si kwamba imekufa

Juzi nilikuwa Kariakoo kwa mteja wangu anauza vitambaa, mchana ruta ikafa ghafla, nikaenda kuchukua nyingine, nikaipa anwani ileile 192.168.1.1. Vifaa vyote viko kwenye swichi ya pembeni kwa hiyo havikuhisi kitu. Kompyuta ya kaunta, ambayo ni Linux, ikashika intaneti palepale, ila kimashine cha kamera kule stoo kikagoma robo saa nzima. Kijana wangu akaanza kuchomoa waya, nikamwambia tulia mdogo wangu, waya ni mzima, hicho bado kinapeleka paketi kwa ruta ya zamani, kimekariri MAC yake (anwani ya kifaa chenyewe) na hakijui ya mpya.

Akafungua ip neigh kaunta, amri ya Linux inayoonyesha majirani, yaani vifaa vya mtandao uleule, na MAC zao, akaona anwani kibao zimeandikwa STALE, yaani zimechakaa, akataka kuzifuta zote. Hapa ndo wengi wanakosea jamani. Linux ikishathibitisha jirani yupo inamwamini sekunde 15 hadi 45, inabahatisha katikati ya hapo ili mashine zote zisiulize kwa wakati mmoja, muda ukiisha inaandika STALE, basi, haifuti. Ukitaka kumtumia tena inatuma kwa MAC ileile, inasubiri sekunde 5 ione kama kuna dalili yupo, mfano majibu ya TCP kwamba data imefika, asipoonekana inamuuliza mwenyewe mara 3, kila sekunde moja, kimya? FAILED, yaani imeshindikana, inaanza kuulizia mtandao mzima upya. Na majirani wakiwa chini ya 128 mfagiaji, ile kazi ya Linux ya kusafisha orodha, hata hagusi, ndo maana kwenye duka dogo STALE inaweza kukaa muda mrefu tu bila shida. Mimi huu utaratibu naupenda sana kwa kweli, mashaka yanakuja pale tu unapomhitaji mtu.

Kaunta ilikuwa imeshamkatia tamaa ruta wa zamani kabla sijarudi na mpya. Kimashine cha stoo kinahesabu saa tu, hakiulizi.

Ilivyo ni kwamba ARP, utaratibu wa kuulizia MAC ya anwani ya IP, ilivyoandikwa mwaka 1982 kwenye waraka wa RFC 826, suala la muda wa kufuta liliachwa nje, kila mtu akajipangia. Mfumo wa FreeBSD sekunde 1200, ruta za Cisco masaa 4 usipobadilisha. IPv6 ndo ikaja na hizo hatua za kuulizia, na Linux inazitumia hata kwa ARP.

Siku hizi nikibadilisha ruta, kama inaruhusu, naitangaza mwenyewe kwa arping, programu ya kutuma ujumbe wa ARP, wote wanasikia MAC mpya hapohapo.