Nilivyompata mama wa bibi yake mama mkwe wangu

Mama mkwe wangu alizaliwa Blackburn, Uingereza, mwaka 1941. Ni watu wa kawaida, vizazi kwa vizazi vya viwanda vya nguo. Bibi yake mzaa mama alikuwa mfumaji. Zaidi ya hapo hakujua kitu, na jambo hilo lilimkaa moyoni. Nikamwambia, "Mama, niachie mimi."

Nilianza na cheti cha ndoa cha bibi huyo, cha 1908, nikakwama. Cheti kilimtaja baba yake na kazi ya baba, mama hayumo. Huko majina ya akina mama yameanza kuandikwa kwenye vyeti vya ndoa mwaka 2021 tu! Tena mwanamke akishaolewa huchukua jina la mumewe, la kwao likazama. Mimi ni wa Tanga. Kwetu binti Athumani hata aolewe mara tatu ni binti Athumani. Iliniuma.

Kilichonifungulia njia ni cheti cha kuzaliwa, maana humo mama huandikwa na jina la kwao. Usajili wa serikali ulianza Julai 1837, na orodha ya vizazi unaipekua mwenyewe kwenye intaneti. Nilikuta wasichana watatu wa jina lile lile, wote wa miaka ya 1885 hadi 1887. Kazi ya baba ndiyo iliyonipa yule wa kweli. Kwa hiyo ukitafuta mwanamke, agiza cheti cha kuzaliwa mapema, usingoje kama mimi.

Nikiwa na jina la kwao mama mtu, niliipata ndoa yake ya 1879, kisha nikamkuta kwenye sensa ya 1861, mtoto wa miaka mitatu. Mahali walipozaliwa wazazi wake karani kaandika neno moja tu: Ireland. Hakuna wilaya, hakuna kijiji. Wengi wa huko walivukia Lancashire, jimbo lenye Blackburn, baada ya njaa ya miaka ya 1840, viazi vilipoharibika. Nimeishia hapo.

Nilimpelekea Mama nakala ya ndoa ile. Penye sahihi ya bibi harusi pana alama ya X, wino umekolea mwishoni kana kwamba kalamu ilikandamizwa. Akavaa miwani, akaweka kidole juu yake. Halafu akaniomba nimsomee lile jina la kwao, akalirudia polepole, mara mbili.