Stoo ya chini ya ua na dari iliyokuwa ikitoa jasho

Babu alipojenga nyumba yetu ya Shela, hapa Malindi, mawe hakununua. Aliyachimba papo hapo uani, na nyumba ilipokwisha akabaki na shimo la mita nne kwa tatu, kina kinampita mtu mrefu. Marehemu baba akalifunika kwa zege, akatia ngazi, likawa stoo. Kwa mtu anayeuza achari kama mimi, stoo ile ni mali. Mitungi ya ndimu na maembe haitaki joto, na friji ya kuitosha yote, pamoja na bili yake ya umeme, siiwezi.

Taabu ilikuwa dari. Ikifika masika nilikuwa nikikinga makarai matano, na mwaka mmoja bonge la zege lilidondoka likavunja mitungi miwili. Chuma ndani yake kilikuwa kimevimba kwa kutu. Baba, Mungu amrehemu, alitumia mchanga wa ufuoni kwa sababu ulikuwa karibu na haukuwa na gharama. Chumvi haisahau.

Nilimwita fundi kijana mwenye sifa nzuri. Akapaka dawa nyeusi ya kuzuia maji juu ya zege, akamwaga sakafu yenye mteremko, akabandika vigae. Ua ukapendeza, maji ya mvua yakawa yanatiririka mbio kuelekea bustanini, nami nikamlipa kwa furaha. Masika ya pili dari ikaanza tena. Nikang'oa kigae kimoja kwa kisu cha jikoni. Chini yake mchanga ulikuwa umelowa chepechepe, na jua lilikuwa limewaka siku sita mfululizo.

Hapo ndipo nilipoelewa, na ndilo jambo hasa lililonifanya niandike haya. Vigae havizuii maji. Maji hupenya kwenye maungio polepole, hushuka mpaka kwenye ile dawa, na dawa ilipakwa juu ya zege lililolala bapa. Basi yanakaa pale wiki nzima yakitafuta ufa, na ufa hayaukosi. Mteremko wangu ulikuwa juu kwa ajili ya macho, kumbe kinachotakiwa kuinama ni kile kizuizi chenyewe.

Safari hii nikamwendea Ami, mzee aliyejenga nusu ya mtaa wetu. Sikumwita ami kwa nasaba, ni heshima tu. Akashuka stoo, akaangalia dari muda mrefu, akaniuliza, "Mwanangu, una hakika yote haya ni mvua?"

Nikashangaa. Akaomba karatasi ya nailoni na utepe wa gundi, akabandika vipande viwili darini, kingo zote zikazibwa. Baada ya siku mbili tukatazama. Kipande kimoja kilikuwa na maji nyuma yake, upande wa zege. Hilo ni vujo. Cha pili kilikuwa kikavu nyuma, ila usoni, upande wa chumba, kimejaa vitone kama glasi ya maji baridi. Hilo ni jasho. Hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi. Ikiingia mahali palipo baridi kuliko nje inaacha maji yake ukutani. Kwa hiyo nilikuwa na maradhi mawili nikiyatibu kwa dawa moja. Kwa ajili ya jasho tuliweka mabomba mawili ya hewa ili isituame, moja linaloanzia karibu na sakafu na jingine darini, yote yakitokea kwenye ukuta wa ngazi ili tusitoboe zege la juu. Ami hataki kabisa tundu katika dari ya namna hii. "Kila tundu ni mlango," husema.

Tukabomoa kazi yote ya yule kijana. Unene wa sentimita nane, kwa mahesabu yangu karibu tani mbili za kifusi, uliondoka karai kwa karai. Mhandisi niliyemlipa aje mara moja akasema zege bado linabeba, lakini tukitaka kuongeza uzito tujenge ukuta wa mawe katikati ya stoo ulishike. Tukajenga. Vyuma vilivyoota kutu tulivisugua mpaka viking'aa, tukavifunika upya. Mchanga wa safari hii ulitoka mto Sabaki, na Ami aliuonja kwa ulimi kabla hajaruhusu lori limwage. Nilicheka, akanitazama vibaya.

Kwenye mteremko tulibishana. Mimi nilitaka maji yaende urefu wa mita nne, kwa kuwa bustani iko huko. Ami akachukua kijiti akaandika mchangani: kila mita ishuke sentimita mbili. Mita nne ni nane, mita tatu ni sita. Tukielekeza upande mfupi tunaokoa sentimita mbili za kimo. Nikaona ni kitu kidogo, hadi aliponipeleka kwenye mlango wa jiko. Kizingiti kilikuwa sentimita ishirini na tano juu ya zege tupu. Akajumlisha: sakafu ya mteremko tisa, kinga ya joto tano, kokoto tatu, mawe ya juu tatu. Ishirini tayari. Kwa njia yangu mvua ingekuwa inapiga hodi jikoni. Nikanyamaza, uzi ukafungwa upande mfupi, juu ukutani mwa nyumba, chini nje.

Sakafu ile ilinyweshwa maji siku saba, kisha ikaachwa ikauke, na hapa haraka ndiyo inayoharibu. Tulilaza nailoni ya mita moja juu yake usiku kucha. Asubuhi ikiwa na umande chini, bado. Ilitubidi kusubiri mpaka jaribio la tatu. Pembeni, pale sakafu inapokutana na ukuta, Ami alijaza mshazari wa saruji wa vidole vitatu, maana karatasi ya lami, kile kizuizi cha maji kitakacholala juu yake, ukiikunja pembe kali hupasuka.

Karatasi yenyewe ni ile nene ya milimita nne, ya kubandikwa kwa moto wa gesi. Ilikuja fundi wake na mtungi wake. Kwanza alipaka lami nyepesi kama rangi, ikakauka, kisha akaanzia upande wa chini kupanda juu, kila ukanda ukipanda ule wa chini yake sentimita kumi, kama makuti. Ukutani aliipandisha, na chini ya kizingiti akaichomeka. Pande nyingine aliikunja ikashuka nje ya zege, ipite pale zege linapokalia ukuta, kwa sababu maji huwa yanarudi nyuma kwa pale. Roli mbili za mita kumi zilitosha. Kisha tukaweka mpira wa maji ya bomba upande wa juu uchuruzike siku mbili, nami nikashuka na tochi kila baada ya swala. Pakavu.

Kuhusu kinga ya joto, fundi wa gesi alinishauri ninunue ile nyeupe ya punjepunje, kama ya maboksi ya samaki, eti zote ni moja. Nilichukua kipande chake na kipande cha ile ngumu ya rangi iliyoagizwa kutoka Mombasa, nikavizamisha vyote kwenye ndoo kwa wiki mbili, jiwe juu. Nilipovitoa, kile cheupe nilikivunja katikati, maji yakatoka kati ya punje. Kile kigumu nilikifuta kwa kanga kikawa kama kilivyotoka dukani. Kwa kuwa kinga yangu ingekaa juu ya karatasi, mahali maji yanapopita kila mvua, sikuwa na la kufikiria. Inakaa juu kwa makusudi: inaikinga lami na jua na misukosuko, na zege lote linabaki upande wa baridi. Ila isitiwe mpaka moto wa gesi uondoke, maana huyeyuka kama mshumaa. Na isiachwe juani. Tulitandika kitambaa cha kuchujia, kokoto laini, na mawe bapa ya Galana bila kuyaziba maungio. Maji yapite yanavyotaka. Chini yao kuna kinachoyateremsha mpaka kwenye mfereji na shimo la kunyonya mwisho wa ua.

Mchana wa Machi, jua la kaskazi likiwa kali, zamani ukigusa dari ya stoo ilikuwa na uvuguvugu kama bilauri ya chai. Sasa ni baridi kama ukuta wa birika la kuhifadhia maji. Masika yaliyopita, Mei yote, sikukinga karai hata moja.

Mlango wa jiko ndio unaonisumbua. Kizingiti kimebakiwa na sentimita tano kasoro, na mvua ya kusi ikija na upepo, matone yanaruka juu ya mawe yanaingia mpaka kwenye mkeka. Ami alinionya, kweli, lakini tulikuwa hatuna pengine pa kupunguza. Ameahidi kunijengea kipaa kidogo cha makuti juu ya mlango baada ya Idi, malipo mtungi mmoja wa achari ya maembe, ule mkubwa.