Nilivyoigeuza folda ya seva kuwa kibubu

Nilichotaka ni kitu kidogo tu: folda ambayo mwanafunzi anatumbukiza kazi yake kama hela kwenye kibubu. Inaingia, haitoki, na cha mwenzake hakioni. Basi. Kilinila wiki mbili.

Seva yetu ni desktop kuukuu niliyoiwekea Ubuntu, aina ya Linux, na Samba, programu inayoziruhusu kompyuta za Windows kutumia folda zake. Diski nilinunua ya mtumba, na pamoja na swichi na nyaya haikufika laki tatu. Mwanzo folda ilikuwa wazi kwa wote. Siku ya kusahihisha nikakuta kazi tisa zimeandika "kompyta" mstari wa pili, kosa lile lile, mahali pale pale. Mmoja hata jina la mwenzake hakulifuta juu.

Nikampigia fundi mmoja anayejiita mtu wa mitandao. "Ticha, hiyo ndogo. Weka 777, halafu force user, umemaliza." Nikatii. Hiyo 777 ni ruhusa zote kwa watu wote. Kumbe force user, mpangilio wa Samba, inafanya kila anayeingia aonekane mtu mmoja mbele ya Linux. Hata ningeweka sticky bit, alama ya folda inayozuia mtu kufuta faili la mwenzie, ingekuwa pambo, maana mafaili yote yana mwenyewe mmoja! Kijana wa kidato cha pili akafuta kazi za darasa zima, na sidhani kama alikusudia.

Nikaitoa force user, nikasoma mwenyewe. Nikaweka chmod 3773, amri ya kupanga ruhusa za folda. Ile 3 ya mbele ni sticky bit pamoja na setgid, ili kila faili liingie kundi la walimu. Ya mwisho ndiyo kibubu chenyewe: 2 ya kuandika na 1 ya kupita, bila ile 4 ya kusoma. Nikajiona bingwa. Nikaingia kwa akaunti ya mwanafunzi kwenye kompyuta yangu nijaribu: folda inafunguka, mafaili yote haya hapa! Nikabadilisha, nikawasha upya Samba, nikabadilisha tena, saa nzima. Kumbe Windows ilikuwa bado imeshikilia jina langu. Haikubali kuingia seva moja kwa majina mawili kwa wakati mmoja. Nikaandika net use * /delete, inayokata miunganisho yote, nikaingia upya, ikanikataa. Sijawahi kufurahia kukataliwa kiasi kile.

Furaha ikaisha Jumatatu. Watoto wakibofya folda mara mbili wanaambiwa hawana ruhusa, mikono juu chumba kizima. Ukilidondosha faili juu ya ikoni bila kuifungua, linaingia vizuri tu, lakini nenda kawaeleze hivyo watoto arobaini wanaobofya kila kinachong'aa. Na wale waliojaribu kusevu moja kwa moja kutoka Word walikwama, kwa sababu Word hutengeneza kwanza faili la muda kisha hulibadilisha jina, na inataka kuona inachofanya.

Hapo ndipo nilipopata ujanja ninaojivunia mpaka leo. Niliwarudishia ruhusa ya kusoma folda, 3777, halafu kwenye Samba nikaweka create mask = 0660 na hide unreadable = yes. Faili likiingia linasomwa na mwenyewe na walimu tu, na Samba inamficha mtu kila asichoweza kusoma. Mtoto anafungua folda bila kelele, anaona kazi yake peke yake, kama risiti. Ya jirani kwake haipo. Akaunti za watoto nilizitengeneza kwa skripti usiku mmoja, hilo si la kusimulia.

Kulibaki matundu mawili. La kwanza: "Mwalimu, insha.docx inakataa kuingia, na folda ni tupu!" Haikuwa tupu. Mwenzake alishatangulia na jina hilo hilo, ila limefichwa. Tangu siku hiyo kila faili linaitwa kwa namba ya usajili. La pili, mwenye kazi angeweza kuirekebisha hata baada ya muda kwisha. Kwa hiyo cron (ratiba ya amri zinazojiendesha) ya root, yaani msimamizi mkuu wa seva, saa kumi kamili jioni, inaendesha chown na kuyafanya mafaili yote kuwa yangu. Kwa mwanafunzi kazi inayeyuka machoni. Wiki ya kwanza nilifuatwa ofisini na binti analia kuwa kazi yake imeibiwa. Nikamfungulia kompyuta yangu akaiona, akafuta machozi, akaomba aongeze aya moja. Nikakataa.

Fundi naye alinipigia juzi, ana shule nyingine inataka kitu kama hicho. Nikamtumia mistari yangu. Akajibu: "Sasa force user umeiweka wapi?"